Cha Kubeba na cha Kuacha: Gemu za Ukumbini Zilivyohamia Sebuleni

Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Tokyo ilitoa mashine ya Space Invaders, na ndani yake wavamizi kutoka angani walikuwa 55, safu 5 za wavamizi 11 kila moja. Mwaka 1980 Atari ya California ikatoa katriji ya gemu hiyo hiyo kwa ajili ya televisheni ya nyumbani. Humo wavamizi walikuwa 36. Ngome za kujifichia, zilizokuwa 4, zikawa 3. Aliyezoea mashine ya ukumbini angeweza kuuhesabu upungufu huo kwa kidole mbele ya kioo. Hata hivyo katriji hiyo ilikuwa ya kwanza kuuza nakala zaidi ya milioni 1, mauzo ya konsoli ya Atari yakapanda mara 4, na watu wengi wakanunua mashine nzima kwa ajili ya gemu moja.

Miaka 2 baadaye Atari hiyo hiyo ikapeleka Pac-Man nyumbani. Ilinunuliwa kuliko hata Space Invaders, nakala zaidi ya milioni 7, na bado katriji hiyo ikitajwa mbele ya wachezaji wa zama zile, malalamiko huanza upya.

Gemu zote mbili zilikatwa bila huruma. Zote zilipoteza rangi, maumbo na milio iliyokuwa ikijaza ukumbi. Kilichozitenganisha ni uchaguzi wa nini kikatwe. Kwa zaidi ya miaka 20, kuhamisha gemu kutoka ukumbini kwenda sebuleni ilikuwa kazi ya watu waliolazimika kuamua, mara nyingi peke yao na huku wakikimbizwa na tarehe ya mauzo, kwamba gemu fulani hasa ni hiki, na vingine vyote vinaweza kutupwa.

Ukumbi wa gemu wa Marekani au Japani wa miaka hiyo ulikuwa chumba chenye mashine za urefu wa mtu, kila mashine na gemu yake moja tu. Mchezaji alitumbukiza sarafu, robo dola kule Marekani au yen 100 kule Japani, akacheza hadi maisha yake ndani ya mchezo yaishe. Mashine moja iligharimu maelfu ya dola, na mwenye ukumbi alizirudisha kwa sarafu hizo. Konsoli ya nyumbani haikuwa na mtaji wa namna hiyo. Ilipaswa kununuliwa dukani na mzazi, kwa hiyo kila chipu iliyowekwa ndani yake ilihesabiwa hadi senti. Katika miji yetu ya Afrika Mashariki safari hii ilikuja kwenda kinyume: PlayStation, mashine iliyoundwa kwa ajili ya sebule, ikawekwa kwenye kibanda cha mtaani, na vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wakawa wanalipia kila mechi. Lakini hiyo ni miaka ya baadaye, wakati tofauti kati ya mashine ya ukumbini na ya nyumbani ilikuwa imekaribia kufutika.

Inafaa kukumbuka kwamba hatua ya kwanza kabisa ilitoka nyumbani. Magnavox Odyssey, konsoli iliyotokana na ubunifu wa Ralph Baer, iliingia madukani mwaka 1972 ikiwa na mchezo wa tenisi ya mezani. Nolan Bushnell aliuona mchezo huo kwenye maonyesho California mwezi Mei mwaka huo. Kabla mwaka haujaisha, kampuni yake changa ya Atari ilikuwa na Pong, iliyoundwa na mhandisi Allan Alcorn na kuwekwa kwa majaribio kwenye baa ya Andy Capp's Tavern mjini Sunnyvale. Magnavox ikashtaki, na shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 1976. Wakati huo Pong ilikuwa imekwisha kurudi nyumbani. Atari waliibana ndani ya chipu moja, na kampuni ya maduka ya Sears ikaagiza mashine 150,000 kwa ajili ya Krismasi ya 1975. Pong haikupoteza kitu njiani kwa kuwa haikuwa na cha kupoteza: vijiti viwili, nukta moja, na namba za mabao.

Konsoli iliyokuja kubeba mzigo mzito ilitoka Septemba 1977. Iliitwa Video Computer System, baadaye Atari 2600. Wahandisi wake, Jay Miner miongoni mwao, waliibuni wakiangalia gemu mbili za ukumbini za Atari yenyewe, Pong na Tank, na Tank ni mapigano ya vifaru viwili. Kwa hiyo chipu ya picha, TIA, ilipewa maumbo 2 ya wachezaji, risasi 2, mpira 1, na mandhari ya vipande vinene vya ukuta. Basi. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ilikuwa baiti 128. Aya hii peke yake ina herufi nyingi kuliko hizo. Mashine haikuwa na mahali pa kuhifadhi picha nzima ya skrini. Mwale wa elektroni ndani ya televisheni ulipokuwa ukichora mstari, programu ilikuwa na mizunguko 76 ya prosesa kuiambia TIA mstari huo uonyeshe nini. Kisha mstari unaofuata, na unaofuata, mistari 192 ya picha, mara 60 kwa sekunde. Programu ikichelewa kidogo tu, picha inavurugika.

Mtunzi wa programu alipewa mashine hiyo, akaonyeshwa gemu ya ukumbini yenye skrini iliyosimamishwa wima na kumbukumbu kubwa mara nyingi zaidi, akaambiwa: ilete. Hali yake ilikuwa ya nahodha anayehamisha shehena ya jahazi kwenye mtumbwi. Shehena yote haiingii, na hakuna anayemwambia kipi kina thamani.

Rick Maurer, aliyeandika Space Invaders ya Atari, alianza na kile ambacho mtumbwi uliweza kubeba. TIA ilikuwa na maumbo 2 ya wachezaji tu, lakini ilikuwa na ujanja mmoja: kila umbo liliweza kurudiwa kwenye mstari mmoja, hadi nakala 3 zilizopangana. Maumbo 2 mara nakala 3 ni 6. Basi safu ya wavamizi ikawa na 6 badala ya 11, Maurer akaongeza safu moja zaidi, na hapo ndipo 36 ilipotoka. Namba hiyo ilitolewa na chipu, wala haikuchaguliwa kwa kupenda.

Kilichochaguliwa ni kasi. Kwenye mashine ya Taito, mbunifu wake Tomohiro Nishikado alitumia prosesa ya Intel 8080, nayo ilielemewa na kuchora wavamizi wote 55. Kila mmoja alipouawa mzigo ulipungua, na waliobaki wakawa wanatembea haraka zaidi, hadi yule wa mwisho anavuka skrini kama aliyefukuzwa. Nishikado aliona udhaifu huo wa mashine unaufanya mchezo unoge, akauacha. Kwenye konsoli ya Atari, ambako chipu yenyewe ndiyo iliyorudufu maumbo, kasi hiyo isingetokea yenyewe. Ilibidi iandikwe kwa makusudi. Maurer aliiandika. Aliacha wavamizi 19, akaacha ngome moja, akabadilisha sura zao, lakini akabeba ile hofu ya kuona jeshi likipungua huku likizidi kukimbia, na mdundo wa hatua zao ukiharakisha pamoja nalo. Juu ya hayo aliongeza namna 112 za kucheza, zikiwemo ngome zinazotembea, wavamizi wasioonekana, na wachezaji wawili kwa wakati mmoja, jambo ambalo mashine ya ukumbini haikuwa nalo. Ni vigumu kuonyesha kazi nyingine ya miaka ile iliyokata mengi hivi na kupoteza kidogo hivi.

Asteroids ilifuata mwaka 1981, na tatizo lake lilikuwa jingine kabisa. Mashine ya ukumbini ya 1979, kazi ya Lyle Rains na Ed Logg, ilichora kwa mistari ya mwanga iliyonyooka na kung'aa kwenye giza, bila pikseli. Televisheni ya nyumbani haikuweza. Brad Stewart aligeuza mawe ya mistari kuwa madonge ya rangi, na alihitaji katriji ya kilobaiti 8, mara mbili ya ukubwa ambao prosesa ya konsoli iliweza kuuona kwa mkupuo, hivyo programu ikalazimika kubadilishana nusu zake mbili. Mwaka uliofuata ikatoka Vectrex, konsoli iliyokuja na skrini yake yenyewe ya kuchora mistari ya mwanga, na ndani yake gemu ya Mine Storm iliyofanana sana na Asteroids. Vectrex ilikuwa mashine nzuri iliyofika sokoni wakati mbaya.

Kisha ikaja Pac-Man.

Toru Iwatani wa Namco aliibuni akitaka gemu ambayo wasichana na wapenzi wangeifurahia pamoja, na ilionekana kwa mara ya kwanza Tokyo Mei 1980. Moyo wake ni mizimu 4, kila mmoja na tabia yake. Blinky, mwekundu, anakufuata nyuma. Pinky analenga hatua chache mbele ya mdomo wako ili akukate njia. Inky anapiga hesabu kwa kuangalia wewe uko wapi na Blinky yuko wapi. Clyde anakukimbilia, kisha akikukaribia anageuka na kurudi kwenye kona yake. Mchezaji aliyetumia sarafu nyingi alizijua tabia hizi hata kama hakuweza kuzieleza, na mzingile wa rangi ya buluu kwenye giza jeusi aliukariri kona kwa kona. Wengine waliweza kupita humo kwa njia ile ile, zamu baada ya zamu, bila kuguswa.

Tod Frye alipewa kazi ya kuiingiza kwenye katriji ya kilobaiti 4. Mashine ya ukumbini ilitumia kilobaiti 16 za programu. Frye alihitaji Pac-Man na mizimu 4, yaani maumbo 5 yanayotembea, kwenye chipu yenye maumbo 2. Aliamua umbo moja liwe Pac-Man na la pili ligawanywe kwa mizimu yote, kila mzimu uchorwe mara moja katika kila picha 4. Kwa hiyo kila mzimu ulionekana mara 15 tu kwa sekunde, na wote wakawa wanapepesa mfululizo kama taa inayotaka kuungua. Kwenye televisheni za wakati ule jicho lilivumilia kiasi. Lakini mizimu iliyokuwa na rangi zilizotambulika kutoka upande wa pili wa chumba sasa ilikuwa vivuli vilivyofifia, na mchezaji hakuwa na njia rahisi ya kujua nani ni nani. Tabia 4 zilipotea hapo hapo.

Hayo yangeweza kusamehewa. Yaliyofuata ndiyo yaliyoumiza. Vichochoro vya kutokea upande mmoja na kuingilia mwingine, ambavyo ukumbini viko kushoto na kulia, viliwekwa juu na chini. Mzingile ukawa mwingine, wenye kuta nene, kwa hiyo yote yaliyokaririwa kwa sarafu nyingi yakawa hayana kazi. Vidonge vikawa vistari. Matunda, cheri na mengineyo, yakawa mraba mmoja ulioitwa vitamini. Pac-Man mwenyewe akapewa jicho, na hata akipanda au kushuka mdomo wake ulibaki ukitazama pembeni. Giza jeusi likawa buluu, na kuta zikachukua rangi ya mchanga. Frye amesimulia kwamba ndani ya Atari kulikuwa na kanuni ya kuiacha mandhari nyeusi kwa ajili ya gemu za anga. Ikiwa ndivyo, basi kosa hilo la rangi, ambalo macho yanalikuta kabla ya mengine yote, halikuletwa na chipu wala na baiti.

Kuna kitu Frye alikibeba kwa gharama kubwa: wachezaji wawili kucheza kwa zamu, kila mmoja akirudi kwenye mzingile wake jinsi alivyouacha. Ili hilo liwezekane, mashine ilibidi ikumbuke vidonge vya kila mchezaji ndani ya baiti zile 128, nafasi iliyobaki kwa mambo mengine ikawa finyu. Kama ufundi, ni kazi inayostahili heshima, na lawama alizobebeshwa Frye kwa miaka 40 ni kubwa mno kwa mtu mmoja aliyepewa kilobaiti 4. Lakini kama uchaguzi, ulikuwa na makosa. Watu waliipenda Pac-Man kwa sababu ya mzingile ule na mizimu ile, na vitu hivyo viwili ndivyo vilivyoachwa ufukweni.

Ushahidi kwamba ingewezekana ulitoka Atari yenyewe, mwaka mmoja baadaye. General Computer Corporation, kampuni iliyoanzishwa na vijana waliosoma MIT, ilikuwa imetengeneza Crazy Otto, gemu iliyojengwa juu ya Pac-Man, na kampuni ya Midway ikaigeuza kuwa Ms. Pac-Man. Vijana hao hao ndio walioileta Ms. Pac-Man kwenye Atari 2600. Walikuwa na kilobaiti 8, na walizitumia kwa kujua wanachotafuta: mizingile yenye umbo linalotambulika, tunda linalotembea, mizimu yenye rangi zake na kupepesa kulikopungua sana. Konsoli ni ile ile, chipu ni ile ile. Aliyeziweka katriji hizo mbili moja baada ya nyingine aliona kwa macho yake ni kiasi gani cha tatizo kilitokana na mashine na kiasi gani kilitokana na haraka.

Haraka hiyo ilikuwa na bei. Warner, wamiliki wa Atari tangu 1976, walitangaza Desemba 1982 kwamba mauzo hayangefikia matarajio, na mwaka 1983 Atari ilipata hasara ya dola milioni 536. Septemba mwaka huo shehena za katriji zisizouzika zilifukiwa kwenye jaa la mji wa Alamogordo, New Mexico. Zilipofukuliwa Aprili 2014, miongoni mwa zilizotoka udongoni zilikuwemo nakala za Pac-Man.

Wakati Atari inateleza, gemu nyingine ilikuwa inaonyesha njia tofauti. Donkey Kong ya Nintendo, kazi ya kijana Shigeru Miyamoto, ilitoka 1981 ikiwa na hatua 4, na kila hatua ina sura yake: mihimili iliyoinama na mapipa yanayobingirika, kiwanda chenye mikanda inayosogeza masinia, lifti zinazopanda na kushuka, na mwisho jengo la kung'olewa misumari hadi sokwe Kong aanguke. Kampuni ya Coleco ya Connecticut ilipata haki ya kuipeleka nyumbani, na ikafanya jambo la busara la kuweka katriji ya Donkey Kong ndani ya boksi la konsoli yake mpya, ColecoVision, iliyoingia sokoni Agosti 1982. Chipu yake ya picha iliweza kuonyesha maumbo 32, na waliofungua boksi hilo waliona kitu ambacho hakikuwahi kuonekana sebuleni: Kong mkubwa mwenye rangi yake, mihimili myekundu, ngazi, mapipa. Hatua moja haikuwemo, ile ya kiwanda. Wengi hata hawakuitafuta.

Coleco hao hao waliuza pia Donkey Kong ya Atari 2600, iliyoandikwa na Garry Kitchen katika kilobaiti 4. Ina hatua 2 tu, na Kong wake amekuwa akichekwa kwa kufanana na biskuti ya umbo la mtu. Lakini tazama mihimili. Imeinama. Kwenye mashine iliyojengwa kwa kuta zilizonyooka, kuinamisha mihimili na kumfanya Mario, mhusika wa mchezaji, apande mteremko wake hatua kwa hatua ilikuwa kazi ya jasho, na Kitchen aliona haiwezi kukwepwa, maana mapipa yasipoteremka kutoka mhimili hadi mhimili hakuna Donkey Kong. Alikibeba hicho, akaacha sura ya Kong. Alichagua vizuri.

Huko Kyoto, Masayuki Uemura na wahandisi wake walikuwa wakiunda konsoli ya Nintendo yenyewe. Shabaha yao haikuwa ya kubahatisha: icheze Donkey Kong nyumbani, na ionekane kama ya ukumbini. Family Computer, ambayo Wajapani waliikata kuwa Famicom, ilianza kuuzwa tarehe 15 Julai 1983 kwa yen 14,800, na gemu zake 3 za siku ya kwanza zote zilitoka ukumbini: Donkey Kong, Donkey Kong Jr. na Popeye. Mara hii mtumbwi ulichongwa kwa vipimo vya shehena. Mario anaruka jinsi anavyoruka ukumbini, mapipa yana uzito, rangi zimo. Na bado, ndani ya katriji ya kilobaiti 24, hatua ya kiwanda haikupata nafasi. Konsoli iliyozaliwa kwa ajili ya Donkey Kong ilianza maisha na robo tatu ya Donkey Kong. Kwa mamilioni ya watoto wa Japani, Marekani na kwingineko waliokutana na gemu hii kwa mara ya kwanza kwenye mashine ya Nintendo, hatua ya kiwanda haikuwahi kuwepo duniani.

Miaka ya katikati ya safari hii inaweza kupitwa haraka. Konsoli zilipata nguvu, kumbi nazo zikaongeza nguvu, na pengo likabaki pale pale hadi gemu za mapigano zilipoligeuza kuwa suala la vidole.

Street Fighter II ya Capcom, 1991, ina vitufe 6: ngumi 3 na mateke 3, nyepesi, ya kati na nzito. Hakuna kinachoweza kupunguzwa hapo bila kuuharibu mchezo. Konsoli ya Super Famicom ya Nintendo ilikuwa na kidhibiti chenye vitufe 4 vya mbele na 2 vya mabegani, jumla 6, na toleo lake lilipotoka Juni 1992 kwenye katriji ya megabiti 16, lilikuwa dogo kwa picha na dhaifu kwa sauti, lakini mikono ya mchezaji ilikuta kila kitu mahali pake. Kipande cha kuvunja mapipa kilikatwa, kikawekwa cha kuvunja ukuta wa matofali. Ziliuzwa zaidi ya nakala milioni 6. Mega Drive ya Sega ilikuwa na vitufe 3. Toleo lake lilipofika mwaka 1993, mwenye kidhibiti cha zamani ilibidi abonyeze Start kila anapotaka kuhama kutoka ngumi kwenda mateke, na katikati ya pambano hilo halivumiliki. Sega ikatoa kidhibiti kipya cha vitufe 6. Ni nadra gemu moja kuilazimisha kampuni kubadilisha kitu ambacho wateja wake wamezoea kukishika.

Mortal Kombat ya Midway ilileta ukataji wa aina nyingine. Ilipofika majumbani tarehe 13 Septemba 1993, Nintendo walikuwa wameagiza damu igeuzwe kijasho cha kijivu. Sega waliiacha, ikiwa imefichwa nyuma ya mfuatano wa vitufe A, B, A, C, A, B, B, na siri hiyo ilienea shule hadi shule. Toleo la Nintendo lilikuwa na picha nzuri zaidi. Toleo la Sega ndilo lililouzwa zaidi. Desemba mwaka huo Baraza la Seneti la Marekani likaketi kujadili ukatili ndani ya gemu, na mwaka uliofuata ukaanzishwa mfumo wa kupanga gemu kwa umri.

Kwa wenye pesa kulikuwa na njia ya mkato. SNK ya Osaka ilitoa mwaka 1990 mfumo wa Neo Geo kwa sura mbili, ya ukumbini na ya nyumbani, zenye vifaa vile vile ndani. Hakuna kilichokatwa, kwa sababu gemu ilikuwa ile ile. Kadi ndogo ya kumbukumbu iliweza hata kubeba mchezo uliouanzia ukumbini ukauendeleza nyumbani. Kule Marekani konsoli hiyo iliuzwa dola 649.99 na katriji zake karibu dola 200 kila moja, kwa hiyo wengi waliiona kwenye kurasa za magazeti tu.

Jibu la bei nafuu lilikuja kwa kuliangalia suala kutoka upande wa pili. Namco waliunda ubao wa ukumbini uitwao System 11 kwa kutumia vifaa vya PlayStation, wakautumia kwa Tekken mwaka 1994. Mashine ya nyumbani ilikuwa imewekwa ndani ya kabati la ukumbini. Tekken ilipofika PlayStation mwezi Machi 1995, kuhamisha hakukuwa tena kazi ya kukata. Sega nao, mwaka 1998, walijenga ubao wa ukumbini wa NAOMI juu ya vifaa vya konsoli yao ya Dreamcast. Na Agosti 1999 Namco walitoa Soulcalibur kwenye Dreamcast, toleo ambalo kwa picha lilizidi mashine ya ukumbini ya mwaka uliotangulia na likaongezewa kazi za mchezaji mmoja ambazo ukumbini hazikuwepo. Mchezaji aliyerudi ukumbini baada ya hapo alikuta gemu yake ikiwa duni kuliko aliyoiacha nyumbani. Kumbi nyingi za Marekani zilikuwa tayari zinafungwa.

Tangu hapo swali likageuka: si namna ya kupunguza gemu ya ukumbini, ni namna ya kuitunza nzima. Februari 1997 Nicola Salmoria wa Italia alitoa toleo la kwanza la MAME, programu inayoigiza vifaa vya mashine za ukumbini ndani ya kompyuta, ili gemu asilia iendeshwe jinsi ilivyo. Kampuni zikafuata kwa njia halali. Mwaka 2010 Nintendo waliweka kwenye konsoli nyekundu za Wii zilizouzwa Ulaya toleo la Donkey Kong ya Famicom lililorudishiwa hatua ya kiwanda, miaka 27 baada ya kuachwa. Mwaka 2018 kampuni ya Hamster ilitoa kwa ajili ya konsoli ya Switch gemu yenyewe ya ukumbini, matoleo ya Japani na ya nje pamoja, hata tofauti ndogo kati yao zikiwa zimehifadhiwa.

Huku wengine wakitunza asili, wapo waliorudi kwenye mashine ya zamani kwa hiari yao. Wapenzi wa Atari 2600, wanaoiandikia programu hadi leo, waliandika Pac-Man upya kwa ajili ya konsoli hiyo, na mojawapo ya matoleo yao linatosha ndani ya kilobaiti 4 alizopewa Frye. Mzingile wake ni wa buluu juu ya giza jeusi, vichochoro viko kushoto na kulia, na mizimu ina rangi zake. Walikuwa na miaka mingi ya kuichunguza TIA mzunguko kwa mzunguko, walikuwa na zana za kisasa, na hakuna aliyewapa tarehe ya mwisho.